Shule Zikifungwa Ghafla, Habari Itamfikiaje Mama?

Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, za msingi na za sekondari kwa siku 30. Watoto walirudi nyumbani na madaftari yao, wengine wakifurahi kwamba wamepata likizo. Siku 30 zikaisha, muda ukaongezwa, na katika nyumba nyingi za hapa Itetemia akina mama wakabaki na swali moja midomoni: watarudi lini?

Huenda mama mwenzetu unajiuliza kwa nini turudie mambo hayo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Korona si dharura ya dunia tena. Hata hivyo, magonjwa ya mlipuko hayajatuaga. Mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, na kipindupindu hurudi kila mara mvua na uchafu vinapokutana. Sisi wauguzi tumefundishwa kujiandaa wakati wodi imetulia. Vivyo hivyo familia hujiandaa wakati kengele ya shule bado inalia kila asubuhi.

Tarehe zilizotuchanganya

Hebu tukumbuke jinsi mambo yalivyokwenda. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni 2020. Shule nyingine zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Kwa hiyo mama mwenye kijana wa kidato cha sita, binti wa kidato cha kwanza na mtoto wa darasa la tano alikuwa na tarehe mbili za kukumbuka kwa watoto watatu. Katikati hapo, Taasisi ya Elimu Tanzania ilitoa vipindi vya masomo vilivyosikika na kuonekana kupitia TBC. Baadhi ya walimu waliandika mazoezi, yakapigwa fotokopi, mzazi akaenda kuyachukua. Wengine waliyatuma kwa simu.

Majirani zetu walipata mtihani mkubwa zaidi. Nchini Kenya, tarehe 12 Oktoba 2020 waliitwa kwanza wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, na wengine wakasubiri hadi Januari 2021. Nchini Uganda madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, mengine yakafuata kwa zamu, kisha Juni 2021 shule zikafungwa tena. Zilifunguliwa kwa watoto wote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zilipofungwa mara ya kwanza. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika watoto walisoma siku kadhaa darasani na siku kadhaa nyumbani kwa kompyuta, ratiba ikibadilika kadiri wagonjwa walivyoongezeka au kupungua.

Utaona kwamba mahali pote shida ilikuwa moja. Masomo yanapokuwa nusu shuleni na nusu nyumbani, mzazi ndiye anayeshika kamba ya upande wa pili. Asipopata habari, kamba inakatika.

Watoto wa umri wa katikati

Tunataka kuzungumza hasa juu ya watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili, yaani wenye umri wa miaka 11 hadi 15 hivi. Mtoto wa darasa la kwanza humshika mama mkono mpaka mlangoni mwa darasa, na mama humjua mwalimu wake kwa sura. Kijana wa kidato cha nne anajua mwenyewe tarehe ya mtihani wake. Lakini huyu wa katikati anakwenda shule peke yake, haombi msaada wa kazi za nyumbani, na mzazi taratibu huacha kufika shuleni. Wapo akina mama wengi ambao hawalijui jina la mwalimu wa darasa wa mtoto wao wa darasa la sita.

Na umri huu ndio wenye nguvu za kutosha kufanya kazi ya mtu mzima. Kumbuka kwamba shule zilifungwa mwezi Machi, na huku kwetu Tabora huo ni wakati wa kuvuna na kukausha tumbaku kwenye mabani. Baadaye kukafuata mpunga na mahindi. Mtoto aliyekaa nyumbani bila tarehe ya kurudi aligeuka kuwa mfanyakazi. Sisi wauguzi tunajua pia kwamba kuvuna majani mabichi ya tumbaku yenye umande huingiza sumu ya nikotini kupitia ngozi, na mtoto hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Kazi hiyo si ya mtoto.

Kwa wasichana hatari ilikuwa ya namna nyingine. Mwishoni mwa mwaka ule, kliniki ya wajawazito ilipokea mabinti ambao mwezi Machi walikuwa wamevaa sare za shule. Tulipowauliza mambo yalianza lini, wengi walitaja miezi ile ya nyumbani, mama yuko gengeni au shambani, na hakuna mtu aliyejua binti alipaswa kuwa wapi saa ngapi. Wakati huo binti aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Ni Novemba 2021 ndipo Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba anaweza kurudi baada ya kujifungua. Tunashukuru kwa badiliko hilo, lakini kinga ni bora kuliko tiba.

Habari hukwama wapi?

Mama mmoja wa mtaa wetu, muuza vitumbua, alikuwa na mtoto wa kiume wa darasa la sita. Shule ya mtoto huyo ilituma ujumbe wa simu kwa wazazi kueleza siku ya kufungua na mahitaji yake. Lakini namba iliyokuwa kwenye daftari la shule ilikuwa ya baba, na baba alikuwa kwenye tumbaku upande wa Urambo, mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda kichuguu. Mama alisikia juu juu kwamba shule zimefunguliwa, lakini jirani akamwambia ni kwa madarasa ya mitihani tu. Wiki ikapita, ya pili ikaanza. Alipopata hakika, kijana alikuwa ameshaanza kubeba mkaa kwa baiskeli ya mtu, na ameonja pesa yake mwenyewe. Ilimbidi mama aende naye shuleni mkononi, na mwalimu wa darasa akamfuatilia kila asubuhi kwa mwezi mzima ndipo akatulia.

Tazama kwamba katika habari hii hakuna aliyekaa bure. Shule ilituma ujumbe. Baba alikuwa akiitafutia familia riziki. Mama alimpenda mwanawe. Ila ujumbe uliotumwa si sawa na ujumbe uliofika.

Sisi wakazi wa Itetemia tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Tunaishi kando ya njia ya zamani ya misafara, jirani na Kwihara. Mfuko wa barua za Dk. Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 na kutumwa kutoka Zanzibar kwenda Ujiji, ulikwama hapa Unyanyembe pamoja na mizigo yake, mpaka Stanley alipoukuta mwaka 1871 na kumfikishia mwenyewe mwishoni mwa mwaka huo. Barua zilikuwa zimeandikwa vizuri na kufungwa vizuri. Mwenye barua hakuwa na habari kwamba zipo.

Hebu basi tuhesabu sehemu ambazo habari za shule hukwama:

Simu ni ya baba, na baba yuko safarini. Simu ni ya mama, lakini ni ya kitochi, na tangazo limewekwa kwenye kundi la WhatsApp. Simu ni janja, lakini bando limekwisha. Namba imebadilishwa na shule haikuambiwa. Barua ilipewa mtoto, naye akaisahau mfukoni mwa kaptura. Mama hajui kusoma, akamwomba mtoto yule yule amsomee, naye akasoma alichopenda kusikika.

Hilo la mwisho tusilicheke. Mama asiyejua kusoma hana kosa, ila asimtegemee mtoto mhusika peke yake. Amtafute mtu mzima mmoja anayemwamini.

Njia tano za kuandaa sasa

Haya tunayoyaeleza hapa chini hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mama wawili watatu walioamua.

1. Jina lako liwe kwenye daftari la shule. Nenda kwa mwalimu wa darasa uhakikishe yameandikwa majina mawili, la baba na la mama, na namba mbili. Kama huna simu, andikisha namba ya jirani au ya mama mkubwa wa mtoto, kisha mwambie jirani huyo kwamba umempa kazi hiyo. Ukibadilisha laini, shule iwe ya kwanza kujua.

2. Kila darasa liwe na wajumbe wa mtaa. Shule zetu zina kamati za shule, na nyingi zina ushirikiano wa wazazi na walimu. Ombeni kwamba kila mtaa uwe na mama mmoja na baba mmoja wanaopokea habari za darasa fulani na kuzipitisha nyumba kwa nyumba. Mjumbe asipewe nyumba nyingi. Kumi zinatosha, kama ilivyokuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Akimaliza amrudishie mwalimu jibu: nyumba nane nimezikuta, mbili bado. Bila jibu hilo, mwalimu hajui ni nani aliyekosa.

3. Tangazo libandikwe mahali mama anapopita. Mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu si mahali pa kutosha, maana shule ikifungwa hakuna anayepita pale. Bandikeni kwenye ofisi ya mtendaji, kwenye zahanati, kwenye mashine ya kusaga, dukani na kisimani. Kanisani litangazwe mwisho wa ibada na lirudiwe kwenye jumuiya. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Tabora, nao walisikie msikitini siku hiyo hiyo, kwa maneno yale yale.

4. Redio iwe na saa yake. Wakati wa Ebola nchini Sierra Leone, shule zilipofungwa kuanzia katikati ya 2014 hadi Aprili 2015, masomo yalirushwa kwa redio, kwa kuwa redio hufika mahali ambapo intaneti haifiki. Lakini kipindi bila ratiba ni kelele tu. Mzazi ajue ni darasa gani, somo gani, saa ngapi. Nyumba yenye redio iwakaribishe watoto wawili watatu wa jirani, wakae nje kwenye kivuli cha mwembe, kwa nafasi, penye hewa.

5. Iwepo siku moja ya kuchukua na kurudisha kazi. Kama mazoezi yanatolewa kwa karatasi, siku iwe ile ile kila wiki, na saa ile ile. Mama wa gengeni anaweza kuipanga siku asiyokwenda mnadani. Watakaokuja waje kwa zamu za madarasa, wanawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, wasisongamane.

Tangazo zuri ni lipi?

Tumeona matangazo ya ukurasa mzima ambayo mama akimaliza kuyasoma bado hajui afanye nini. Tangazo linalosaidia hujibu maswali matano: ni la nani, ni lini, aje na nini, asipoweza afanyeje, na limetoka kwa nani. Kwa mfano:

"Wazazi wa darasa la sita. Watoto waje Jumatatu ijayo saa 1:30 asubuhi. Kila mtoto aje na barakoa, chupa ya maji na daftari la hesabu. Mtoto mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani. Mzazi amwarifu mjumbe wa mtaa. Asiye na sare aje hivyo hivyo. Mwalimu wa darasa." Kisha tarehe, sahihi na muhuri.

Angalia sentensi ile ya sare. Sare iliyombana mtoto aliyekua kwa miezi mitatu imewazuia wengi kurudi, na mama akaona haya kuuliza. Sentensi moja kama hiyo inaweza kumrudisha mtoto darasani.

Habari nayo irudi shuleni

Njia ya habari ina pande mbili. Mwalimu naye anahitaji kujua yanayotokea nyumbani. Mtoto ni mgonjwa? Amepelekwa kwa bibi yake Sikonge? Nyumbani kuna msiba? Ameanza kukaa kimya, halali usiku, anamkwepa mtu fulani? Mwambie mwalimu wa darasa mapema, kabla jina halijapigwa mstari kwenye mahudhurio.

Akina mama wengi huficha ugonjwa kwa kuogopa kunyooshewa vidole. Tunawaelewa. Wakati wa Korona familia ziliumia kwa maneno ya mtaani kuliko kwa homa yenyewe. Kwa hiyo walimu na wajumbe wafanye kama sisi wauguzi tunavyotakiwa: kinachosemwa kwa sababu ya kumsaidia mtoto kisitoke hapo. Mjumbe asiyeweza kutunza siri abadilishwe, hata kama ni rafiki yetu wa kwaya. Na mama naye si lazima ataje kila kitu. Inatosha kusema, "Mtoto haji wiki hii, mgonjwa yuko nyumbani, naomba kazi zake."

Mambo mawili yasisubiri mjumbe wala siku ya mazoezi. La kwanza ni mtoto anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu au asiyeamka vizuri: apelekwe kituo cha afya mara moja. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri. La pili ni mtoto anayeguswa vibaya, kupigwa kupita kiasi au kuandaliwa kuozwa. Kwa hilo ipo namba 116 ya kusaidia watoto, nayo ni ya bure. Zibandike zote mbili ndani ya kabati la vyombo.

Jihadhari na uvumi

Pale habari ya kweli inapochelewa, uvumi huketi kwenye kiti chake. Mwaka 2020 tulisikia kila jioni kwamba shule zinafunguliwa kesho, kwamba watoto watachomwa sindano kwa siri, kwamba nyungu inatosha kuponya kila kitu. Tulihudumia pia watoto walioungua kwa chungu cha maji ya moto walipofunikwa shuka wajifukize. Mtoto asifukizwe kwa maji yanayochemka. Mvuke na maji hayo huunguza uso na kifua, na kovu hubaki maisha yote.

Ukipata ujumbe, jiulize mambo matatu kabla ya kumpa jirani. Umetoka kwa nani? Una tarehe ya mwaka gani? Mwalimu au mjumbe ameuthibitisha? Ujumbe usio na mwenyewe usiutume kwa mwenzako, hata kama unamalizika kwa maneno ya kumcha Mungu.

Na mtoto mwenyewe?

Mara nyingi tunawaambia watu wote isipokuwa mwenye jambo. Mtoto wa miaka 13 anastahili kuelezwa ukweli kwa kadiri ya umri wake. Usimwambie, "Mtarudi mkirudi." Mwambie, "Tarehe haijatangazwa. Ikitangazwa nitakuambia siku hiyo hiyo. Mpaka hapo, asubuhi ni ya daftari, mchana utanisaidia kazi, jioni utacheza." Mtoto mwenye ratiba anajua kwamba bado ni mwanafunzi. Sare yake na ifuliwe, ining'inizwe mahali anapoiona.

Binti yako mwambie pia, bila kuona haya, juu ya mwili wake na juu ya wanaume wanaotoa chipsi, vocha na lifti ya bodaboda. Kijana wako mwambie kwamba pesa ya mkaa itakuwepo hata baada ya kumaliza shule, lakini dawati lake huenda lisimngoje. Na kama mtoto wako alikwisha kuacha masomo, usikate tamaa. Muone mwalimu mkuu au afisa elimu wa kata, uulize juu ya kurudi shuleni, au juu ya madarasa ya MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi. Mlango upo.

Mama mwenzetu, wiki hii fanya jambo moja. Nenda shuleni, muulize mwalimu wa darasa, "Leo shule ikifungwa, utanipataje?" Akikosa jibu, kaeni chini mlitafute pamoja. Kisha rudi nyumbani upitie kwa jirani yako asiye na simu, umwambie kwamba habari ikifika kwako, itafika na kwake.